Tunalipa ada tufundishwe, tunakesha peke yetu, halafu mnatuletea dodoso

Wakuu salama? Uzi huu ni wa hasira, asiyetaka hasira apite tu.

Nasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, mwaka wa pili, kwenye hospitali kubwa hapa nchini. Msiniulize ipi. Wiki hii tumegawiwa dodoso la kupima sisi marezidenti, yaani madaktari tunaosomea ubingwa, tunavyoyaona mazingira yetu ya mafunzo. Linaitwa PHEEM, limetoka Uingereza mwaka 2005: kauli 40, kila moja unaipa alama kuanzia 0 (sikubali kabisa) hadi 4 (nakubali kabisa), jumla 160. Nimelisoma nimetoka zamu, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Eti ninapokuwa zamu chakula kipo. Chakula gani? Usiku wa manane chakula chetu ni biskuti za sista wa wodi, tena siku akiamka na huruma. Eti nina muda wa kusoma usioingiliwa. Kipindi chetu ni Alhamisi mchana, na kila Alhamisi simu inaita kutoka thieta, "tuleteeni rezidenti mmoja aje ashike retrakta", kile chuma cha kutanulia kidonda wakati wa upasuaji. Marekani tangu 2003 marezidenti wamewekewa ukomo wa saa 80 kwa wiki, na bado wanalalamika. Mimi wiki iliyopita niliacha kuhesabu Jumamosi, nikiwa kwenye 90 na kitu.

Haya yote ningemeza. Kuna kauli inasema nasimamiwa vizuri muda wote. Hiyo ndiyo imenileta hapa.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, ameletwa mama kwa rufaa kutoka kituo cha afya, kajifungua salama, damu haikatiki. Shuka limelowa hadi kwenye godoro la machela. Niko mimi na intern, daktari aliyetoka tu chuo, hana hata miezi miwili kazini. Dawa za kubana mji wa mimba zote zimegoma: oksitosini imegoma, misoprostoli imegoma. Nikafunga kondomu kwenye katheta (mpira wa mkojo), nikaiingiza kwenye mji wa mimba, nikaijaza maji ya dripu ikandamize kwa ndani, damu inapita pembeni. Nampigia bingwa wa zamu, hapokei. Nampigia tena, anasema "ingia thieta, nakuja". Nikaingia. Nikashona ule mshono wa kubana mji wa mimba, haukusaidia. Kutoa kizazi nilikuwa nimeshuhudia mara tatu maishani, mara zote nikiwa upande wa pili wa meza, nimeshika vyuma. Usiku ule nimetoa mwenyewe, huku mtu wa usingizi akinihesabia damu: chupa ya tatu hii, imebaki moja.

Bingwa amefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kanukia sabuni.

Mama yuko hai, nashukuru Mungu. Ana miaka 24 na hatazaa tena. Kama angekuwepo mtu mwenye mkono uliozoea, labda kile kizazi kingebaki, labda kisingebaki. Sitajua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi hata siku nisiyo zamu.

Saa mbili asubuhi kwenye ripoti nimesimamishwa mbele ya interns na wanafunzi: "Nani alikufundisha kutoa kizazi haraka hivyo?" Swali zuri sana hilo, mkuu. Nani alinifundisha? Dodoso nalo lina kauli ya kwamba hapa watu hawalaumiani!

Na msidhani nalipwa. Wenzangu waliotoka serikalini na ruhusa ya masomo angalau mshahara wao unaingia. Sisi wa kujilipia tunakesha bure, tena ada tunaitoa sisi. Chuo kikidai hela mimi ni mwanafunzi, wodi ikikosa mtu mimi ni daktari.

Sasa kilichonimaliza kabisa. Juu ya fomu wameandika "usiweke jina lako". Chini yake: idara, mwaka wa masomo, jinsia. Mwaka wa pili idara yetu tuko wanne na mwanamke ni mimi peke yangu! Na anayezikusanya ni huyohuyo aliyenisimamisha asubuhi ile.

Mwenzangu mmoja kaogopa, kajaza nne nne kuanzia juu mpaka chini bila kusoma. Hajui kwamba kauli nne mle ndani zimegeuzwa, zinataja mabaya badala ya mazuri, kwa hiyo kakubali kwa nguvu zote kwamba idara ina ubaguzi wa rangi na wa jinsia, na kwamba tunafanyishwa kazi zisizotuhusu. Hii angalau kaipatia kwa bahati.

Mwisho wa kukusanya ni Ijumaa. Yangu bado iko kwenye mfuko wa koti, nimejaza mbili tu: chakula sifuri, usimamizi sifuri. Mliopita huko mlifanyaje? Nimalizie hivihivi, au nimwombe yule mwenzangu kalamu?