Mzee ana tezi dume ya gramu 92, anaingia thieta Kisumu: tujiandae vipi?

MkulimaAhero:
Wadau, salaam. Mzee wangu ana miaka 71. Mwezi uliopita mkojo ulikataa kutoka kabisa, akawekewa mpira wa kutolea mkojo, na mpaka leo anatembea nao. Utrasaundi inasema tezi ni gramu 92. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ni 11, ilipimwa siku mbili baada ya mpira kuwekwa. Ana presha na sukari, anameza amlodipine na losartan za presha, metformin ya sukari, na aspirini ndogo ya miligramu 75. Thieta ni wiki tatu zijazo na tulichoambiwa ni "aje bila kula" basi. Tuandae nini? Na hiyo 11 ni saratani? Miti shamba msiniletee, tafadhali.

Dripu_na_Mpira:
Kwanza ulizeni ni operesheni ipi. Kuna TURP, ambapo kifaa hupitishwa kwenye njia ya mkojo na tezi ikachongwa vipande kutoka ndani, bila mshono. Na kuna ya wazi, ambapo hukatwa chini ya kitovu na nyama iliyokua ikang'olewa nzima. Mpaka unaotumika sana ni gramu 80, kwa hiyo kwa 92 msishangae mkiambiwa ya wazi.

Sababu ni muda. Mashine ya TURP ya aina ya zamani hutumia maji yasiyo na chumvi kusafishia. Uchongaji ukipita saa moja hivi, maji hayo huingia kwenye damu kwa wingi, sodiamu inashuka, mgonjwa anachanganyikiwa na kutapika akiwa bado mezani. Mashine ya bipolar hutumia maji ya chumvi, hatari hiyo karibu haipo, na tezi kubwa kidogo inawezekana. Ulizeni wana ipi. Baada ya TURP mpira hutoka siku ya 1 hadi ya 3. Ya wazi hukaa kama wiki.

NesiWaZamu:
Kinachoahirisha watu wengi ni mkojo mchafu. Mtu mwenye mpira kwa wiki kadhaa ana bakteria kwenye kibofu hata kama hana homa, na zikichokozwa thieta huingia kwenye damu. Mkojo uoteshwe maabara kama wiki moja kabla, maana majibu huchukua siku 2 au 3, ndipo daktari achague antibiotiki inayoua hizo hasa.

Sampuli ISITOKE kwenye mfuko. Mkojo wa mfukoni umelala humo saa nyingi na utaotesha kila kitu. Uvutwe kwa sindano safi kwenye tundu la kuchukulia, au bora zaidi mpira ubadilishwe na sampuli itoke kwenye ule mpya. Kama ni ule wa lateksi, wa rangi ya manjano, tayari unakaribia muda wa kubadilishwa. Mfuko uwe chini ya kibofu kila wakati, usiguse sakafu.

Rudieni pia kreatinini, kipimo cha damu cha figo. Mkojo ukifunga, shinikizo hurudi mpaka kwenye figo, na figo zikiwa zimedhoofika hata losartan na metformin huangaliwa upya.

Jua_la_Nyando:
Aspirini aache siku saba kabla. Akiendelea nayo damu haitaganda upesi.

NesiWaZamu:
@Jua_la_Nyando usimwambie hivyo bila kujua anaimeza kwa nini. Kama ni kinga tu, mara nyingi husimamishwa. Kama amewahi kupata kiharusi au ana stenti ya moyo (kijibomba cha kuweka mshipa wazi), kuiacha kunaweza kumdhuru kuliko damu ya thieta, na wengi hufanyiwa wakiendelea nayo. Daktari ndiye wa kusema, na aandike kwenye faili.

Zile nyingine, kwa kawaida: amlodipine anameza alfajiri na funda la maji, losartan anairuka asubuhi hiyo, metformin anaiacha kwa sababu hatakula. Thibitisheni na daktari wa usingizi. Presha ikisoma 180/110 siku hiyo mtarudishwa nyumbani. HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) ikizidi 8.5 pia wengi huahirisha, kwa hiyo pimeni sasa, msingoje wiki ya mwisho.

"Bila kula" maana yake chakula cha mwisho masaa 6 kabla ya thieta, maji matupu mpaka masaa 2 kabla. Chai ya maziwa na uji ni chakula. Hapo ndipo wazee wetu hupotezea zamu.

Daktari_Mstaafu_Milimani:
PSA ya 11 iliyopimwa siku mbili baada ya mkojo kufunga haisemi kitu. Kufunga, mpira na maambukizi, vyote huipandisha. Irudiwe wiki kama sita baadaye, au daktari aamue akishapapasa tezi kwa kidole. Hata hivyo, gawanya 11 kwa 92, yaani PSA kwa kila gramu ya tezi, unapata 0.12. Chini ya 0.15 hupunguza shaka ya saratani, lakini si cheti. Nyama ikitolewa lazima iende maabara ya patholojia. Ulizeni mapema nani anaipeleka na majibu yanachukuliwa wapi, kwa sababu hupotea kati ya thieta na maabara.

MkulimaAhero:
Asanteni sana. Mzee mwenyewe swali lake ni moja, na hataki kulitaja mbele ya mama.

Dripu_na_Mpira:
Kusimama kwa wengi hakubadiliki. Kinachobadilika ni shahawa: nyingi hurudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo baadaye. Haina madhara, lakini aambiwe kabla, akigundua mwenyewe atadhani ameharibiwa.

Akitoka thieta atakuwa na mpira wa njia tatu, maji ya chumvi yakiingia na kutoka mfululizo. Anayemlinda aangalie mambo mawili: rangi, na kama yanayotoka yanalingana na yanayoingia. Waridi ni sawa. Nyekundu nzito yenye mabonge, au maji yanaingia hayatoki huku tumbo la chini likijaa na kuuma, ni bonge limeziba. Nesi aitwe papo hapo, asingoje zamu ibadilike.

Nyumbani: maji lita 2 kwa siku, papai na mboga ili asijikamue chooni, asibebe debe wala kupanda boda wiki 6. Damu inaweza kurudi kidogo karibu siku ya 10 hadi 14, kigaga kikibanduka. Ikiwa na mabonge au mkojo ukifunga tena, hospitali usiku huo huo.

MkulimaAhero:
Nimepiga simu. Ni ya wazi, wanataka damu painti mbili.

NesiWaZamu:
Basi pelekeni wachangiaji kituo cha damu cha kanda hapo Kisumu wiki moja kabla, wale wenye kilo 50 kwenda juu, na wawe zaidi ya wawili, maana kuna watakaokataliwa kwa damu kupungua. Leo piga *147# uone kama mchango wa SHA (bima ya afya ya serikali) wa mzee uko hai. Idhini ya upasuaji huombwa na hospitali kabla, na haitoki mchango ukiwa umelala.