Kujitolea kufundisha katika milima ya Cherang'any: nianzie wapi?

Msafiri_Umoja
Habari zenu wadau. Niko Umoja hapa Nairobi, nina shahada ya biashara, si ya ualimu. Kuna shule ya msingi huko Marakwet, juu kabisa ya Kapsowar, yenye uhaba wa walimu. Nataka kujitolea wiki nne za Agosti nikiwa likizoni kazini, nifundishe Hisabati na Kiingereza gredi ya nne hadi ya sita. Karatasi gani zinahitajika, na nibebe nini? Maneno ya kutiana moyo nimeshayapata ya kutosha.

MwalimuWaZamu
Ndugu, hiyo Agosti ifute kwanza. Muhula wa pili hufungwa mwanzoni mwa mwezi na wa tatu hufunguliwa mwishoni, kwa hiyo utapanda mlima ukute kufuli. Na usidhani utawakusanya watoto katikati: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inapiga marufuku masomo ya likizo, na atakayeitwa kujieleza ni mwalimu mkuu, wewe umesharudi Umoja.

La pili, Sheria ya TSC (Tume ya Huduma za Walimu) ya 2012 hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufundisha, na shahada ya biashara peke yake haikupi usajili. Basi usikubali kupewa darasa liwe lako, wala kujaza rejista, wala kusahihisha tathmini za KNEC (baraza la mitihani), hata ukibembelezwa vipi. Utabembelezwa, maana walimu ni wachache. Omba kuwa msaidizi wa kusoma ndani ya kipindi cha mwalimu mwenyewe.

Utaratibu: andika barua kwa mwalimu mkuu ukitaja tarehe ya kufika, ya kuondoka na kazi yenyewe. Yeye ataifikisha kwa bodi ya shule. Subiri kikao kiidhinishe na iandikwe kwenye kumbukumbu, kisha nakala iende kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Watu wengi huishia kwa mwalimu mkuu tu, akihamishwa wanabaki wageni wasiojulikana. Ambatisha cheti cha tabia njema: unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada Sh1,050, halafu unapeleka alama za vidole Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Fomu ya vidole, C24, ichapwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Ukileta karatasi mbili utarudishwa mwisho wa foleni.

Chaki_na_Vumbi
Naongezea hapo kwa usaidizi wa kusoma. Hisabati ya gredi ya tano haiendi kwa mtoto asiyeweza kusoma swali lenyewe. Siku tatu za kwanza pima, usifundishe. Mtoto mmojammoja, pembeni, kwa ngazi za kipimo cha Uwezo, ile tathmini ya kusoma na kuhesabu: herufi, silabi, maneno, aya, hadithi. Mpe herufi tano; akipata nne, panda ngazi. Dakika tano kwa mtoto zinatosha. Kisha wapange kwa ngazi aliyofika, si kwa gredi. Utakuta wa gredi ya sita na wa gredi ya nne kundi moja, na wale wakubwa wataona aibu, kwa hiyo makundi yape majina ya miti au ndege, kamwe si namba.

Sasa kosa ambalo wageni wa Nairobi hulifanya kila mara. Lugha za Kikalenjin, Kimarakwet ikiwemo, hazitofautishi p na b, t na d, k na g kama Kiswahili. Mtoto ataona "dada" na kutamka "tata". Usimwekee alama ya kosa. Muulize neno hilo ni nani; akikuonyesha dada yake, amesoma. F, v, z na h nazo ni sauti ngeni kwake, zifundishe mwisho kabisa. Ukizichanganya mwanzoni utajikuta unapima lafudhi badala ya kusoma.

Vifaa: kadi za silabi. Konsonanti 18 za herufi moja mara irabu tano ni kadi 90. Kata manila, andika kwa kalamu nene pande zote mbili ili mwalimu na mtoto waone pamoja. Zifunike kwa selotepu pana, la sivyo ukungu wa asubuhi utazilegeza ndani ya wiki mbili. "Ch", "sh", "ny" na "ng'" ziweke bahasha ya peke yake.

Na kadi zile usirudi nazo. Kuanzia wiki ya tatu mwalimu wa darasa ndiye aongoze, wewe ukae nyuma.

Nyanya_wa_Iten
Mjukuu, nenda muhula wa kwanza. Mvua za huku juu huanza Machi au Aprili na huendelea miezi kadhaa, barabara ya udongo inakuwa sabuni, boda hazipandi. Tena miteremko ile si ya mzaha: Aprili 2020 maporomoko yalisomba soko la Chesegon. Mvua ikinyesha usiku kucha, usishuke bondeni asubuhi, ngoja wenyeji waseme. Kuhusu wizi wa mifugo Bonde la Kerio, uliza Kapsowar kabla ya kushuka, hali hubadilika.

Njia ni Nairobi hadi Eldoret, takriban kilomita 310, halafu Iten, halafu Kapsowar. Lala Iten au Kapsowar, ufike shuleni mchana. Kapsowar kuna hospitali ya misheni, iandike mahali.

Baridi inauma. Sweta mbili nzito na koti la mvua utapata Gikomba, soko la mitumba hapo Nairobi, kwa bei ya maana, na gambuti usiache. Chakula ni viazi, maziwa, ugali na mboga. Maharagwe ndiyo yatakutesa: mita 2,700 juu ya bahari maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa sufuria ya kawaida utamaliza kuni za siku mbili. Yaloweke usiku kucha, au nunua sufuria ya presha uiachie nyumba iliyokupokea. Ukifika, "chamgei" kwanza, kwa wazee hasa, ndipo useme shida yako.

Msafiri_Umoja
Asanteni sana, shikamoo Nyanya. Basi Januari, nitaomba likizo bila malipo. Moja tu: wameniambia ubao umechakaa, maandishi hayaonekani. Ninunue mpya?

Chaki_na_Vumbi
Usinunue. Lita moja ya rangi ya ubao inatosha mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, kwenye ubao wa futi nane kwa nne. Kwanza osha, piga msasa mpaka mng'ao uishe, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, acha ukauke. Mkono wa pili usiupake siku hiyohiyo, kwa baridi ya huko rangi hukawia. Ukiharakisha itatoka vipande kama ngozi ya kiazi. Ukishakauka kabisa, laza kipande cha chaki ubavu, sugua ubao wote uwe mweupe, kisha ufute. Ukiruka hatua hiyo, neno la kwanza utakaloandika halitafutika.

Fanya Ijumaa jioni, darasa libaki tupu hadi Jumatatu.