Naomba ushauri: siku 28 melini hadi Hawaii na Tahiti, mama yangu ataweza?

Tausi
Habari zenu wadau. Mimi na mama tumeshalipa nusu ya safari ya meli ya kitalii ya siku 28. Inaondoka California, inapita Hawaii, inashuka hadi visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, yaani Nuku Hiva, Bora Bora, Moorea na Tahiti, kisha inarudi ilikoanzia. Mama ana miaka 71, ana presha, na goti moja linamsumbua. Tangu baba afariki hajatoka kwenda popote. Visiwa hivi walikuwa wakivitazama pamoja kwenye picha miaka mingi, kwa hiyo safari ni yake, mimi namsindikiza tu.

Kinachoninyima usingizi ni zile siku za bahari tupu. Kwenye ratiba naona siku 5 mfululizo hadi Hawaii, 5 nyingine kushuka kusini, na kurudi ni 8. Mama hata basi linamlewesha! Ataweza? Na tuchukue chumba kipi? Wakala anatusukuma tuchukue cha sitaha ya juu kabisa, mbele, chenye roshani. Malipo ya mwisho ni wiki 3 zijazo, tukishalipa hatuwezi kujitoa bila kukatwa.

Baharia Mstaafu
Dada Tausi, nimetandika vitanda melini miaka 9, kwa hiyo kwenye suala la chumba nisikilize mimi kuliko huyo wakala. Shika rula katikati kwa vidole viwili, uipandishe na kuishusha: ncha zinaruka, katikati pametulia. Meli ni hivyo hivyo. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma kabisa, ndiko mtu anakorushwa, na kadiri unavyopanda juu ndivyo mrama unavyozidi. Mchukulie mama chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini, chenye dirisha ili auone upeo wa bahari. Wagonjwa niliokuwa nawapelekea biskuti kavu na maji walitoka vyumba vya mbele juu, mara zote.

Halafu uliza lifti ziko wapi. Kwa goti hilo, ujia wa meli kubwa ni mrefu sana.

Mama Pacha
Mimi na mume wangu tulikwenda njia hiyo hiyo, mwezi mzima. Nitakwambia nilichokiona.

Kutoka California hadi Hawaii ni kama maili 2,200 za baharini. Siku ya kwanza na ya pili zilikuwa mbaya. Maji ya Pasifiki karibu na pwani ile ni baridi na mawimbi ni marefu, yanakuja polepole na kukuinua kitanda na vyote. Usiku henga za nguo kabatini ziligongana, ko, ko, ko, mpaka nikaamka nikazifunga kwa soksi. Glasi niliyoiacha mezani niliikuta imehama hadi ukingoni. Siku ya tatu mwili ulizoea, nikawa natembea sawasawa bila kushika ukuta. Tulipoingia maji ya joto nililala kama mtoto.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni Bora Bora. Pale meli kubwa haifungi gatini, inatia nanga ndani ya ziwa la chumvi na mnashushwa kwa boti ndogo. Boti inapanda na kushuka ubavuni mwa meli, na baharia wawili wanakushika mikono kwa nguvu hadi waseme "sasa". Mwenye goti bovu asikimbilie boti ya kwanza, msongamano ukiisha wanamhudumia bila haraka. Na bahari ikichafuka nahodha anaweza kukiruka kisiwa kabisa, mkataba unamruhusu. Sisi tulikikosa kimoja na nililia, sitaficha. Mwandae mama kwa hilo mapema.

Tena, Nuku Hiva saa yao iko nusu saa mbele ya Tahiti. Shikeni saa ya meli, msifuate ya simu.

Nesi wa Zamu
Presha kwanza. Aende kwa daktari wake kabla hamjalipa, aombe dawa za siku zaidi ya 28 na barua yenye majina ya dawa. Zibebeni mkononi. Masanduku mnayowakabidhi bandarini yanaweza kufika chumbani saa nyingi baadaye.

Zile plasta za kuzuia kichefuchefu, za kubandika nyuma ya sikio, msinunue kienyeji. Mzee zinaweza kumchanganya akili, na mwenye presha ya macho ni hatari kwake.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kila kabla ya kula. Virusi vya kuhara na kutapika vinavyosambaa melini haviuawi vizuri na jeli ya spiriti. Na bima iwe ya matibabu pamoja na kumsafirisha mgonjwa: daktari wa meli analipwa, na katikati ya Pasifiki helikopta haifiki.

Kinyume
Naona tofauti na wenzangu. Siku 18 za maji matupu kwa mtu anayelewa basi ni nyingi. Pandeni ndege hadi Papeete, mji mkuu ulioko Tahiti, mchukue meli ndogo inayozunguka visiwa vya huko siku 7 au 10. Kisiwa hadi kisiwa ni usiku mmoja tu.

Mpitaji
Visa mmekagua? Ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana mnatoka na kurudi. Na visa ya Schengen ya kawaida, ile ya nchi za Ulaya, haitoshi kwa Polinesia ya Ufaransa. Pia Hawaii tangu 2021 imepiga marufuku kuuza losheni za jua zenye oksibenzoni na oktinoksati, zinaharibu matumbawe.

Tausi
Asanteni sana, nimemsomea mama majibu yote. Wazo la Kinyume nililiona la busara nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema: "Baba yako hakuwahi kunionyesha picha ya ndege. Alinionyesha meli."

Kwa hiyo tunakwenda. Leo asubuhi nimebadilisha chumba: katikati, sitaha ya 4, dirisha, hatua chache kutoka lifti. Wakala hakufurahi. Daktari tunamwona Jumanne, akikataa hatulipi. Visa yangu ya Marekani ni ya mara moja tu, Mpitaji umeniokoa. Mama Pacha, soksi za henga nimeshaziweka kwenye sanduku.