Huyu mpiga drum ana miguu mingapi?

Fundi_Ngamiani: Wakuu, salama? Mimi fundi redio, Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 12. Wiki jana mteja kaniletea deki inayokwaruza, ndani kasahau CD ya bendi ya metali ya Helloween: *Keeper of the Seven Keys Part I*. Nikaiweka nijaribu spika. Wallahi, jirani yangu muuza urojo alidhani transfoma imelipuka! Nimeirudia mpaka sasa naipiga mluzi nikiwa nalehemu. Maswali mawili: ile drum ya chini inadunda kama cherehani ya umeme, ni mtu au mashine? Na kava linasema sehemu ya kwanza, ya pili iko wapi?

Mzee_Solo: Ni mtu, mwanangu. Ingo Schwichtenberg. Alikuwa na drum kubwa mbili, kila mguu na yake. Ila wewe unasikiliza miguu tu, sikiliza magitaa. Mimi nilipiga gitaa la second solo hapa Tanga enzi za bendi za Atomic na Jamhuri Jazz (bendi yetu haikuvuma, usiulize jina). Sisi tulikuwa tunajibizana: solo akisema, mimi namkatia. Humu magitaa mawili yanakimbia pamoja noti kwa noti, moja limepanda juu kidogo, kama watu wanaoimba sauti ya kwanza na ya pili. Kwa spidi ile! Vidole vyangu vingeomba ruhusa.

Binti_Chumbageni: Shikamoo mzee. Fundi, sehemu ya pili ilitoka 1988. Jamaa hawa wa Hamburg walitaka albamu moja yenye sahani mbili, kampuni ya kurekodi ikakataa, ndiyo ikagawanywa. Huyo mwimbaji anayepanda mpaka unamwonea huruma ni Michael Kiske, alirekodi hajafika hata miaka 20. Kabla yake Kai Hansen alikuwa akiimba mwenyewe huku anapiga gitaa, sikiliza *Walls of Jericho* ya 1985 utaelewa kwa nini aliachia maiki. Sehemu ya pili ndiyo ina nyimbo za kuimba na watu, lakini mimi ya kwanza siitoi. Ule wimbo wa dakika 13 naumaliza nikitembea Chumbageni mpaka Raskazone.

Mzee_Solo: Marahaba. Unatembea haraka wewe.

Fundi_Ngamiani: Shikamoo mzee, nimesikiliza magitaa. Ni kweli, nilikuwa nayapita tu. Mteja kaja leo kuchukua deki yake. Deki nimempa. CD nimemwambia bado iko kwenye majaribio.