Kuhifadhi klorini ya unga katika ghala la mabati

Msimamizi wa ghala, Changamwe
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nasimamia ghala dogo linalouzia hoteli na wenye visima kalisiamu haipokloraiti, ile klorini ya unga ya asilimia 65. Paa ni la mabati, na kaskazi hii joto la ndani halipungui hata usiku. Chumba hicho hicho kina madumu ya asidi ya kusafishia vigae, dizeli ya jenereta, na vidonge vya bwawa vya aina ya trikloro, ambavyo mwenye mali anashikilia kuwa ni klorini vilevile na havina neno. Kifuniko cha ndoo moja kimeanza kuvimba. Nifanyeje, na je, unga uliokaa sana bado hutibu maji?

Mkemia mstaafu
Waalaikumu salamu. Ndoo hiyo kwanza, mengine baadaye. Unga huu, ambao kikemia ni aina ya chumvi, ukipata joto na unyevu huvunjika na kutoa oksijeni pamoja na gesi ya klorini, na mvunjiko wenyewe huzidisha joto. Kwa hiyo usiifungue wala kuitikisa, watoe watu nje, uache milango wazi, kisha uwaite wazimamoto na aliyekuuzia.

Mwenye mali amekosea. Trikloro ikichanganyika na unga huo, hasa penye majimaji, huweza kuzaa naitrojeni trikloraidi, ambayo hulipuka. Asidi nayo hufukuza klorini kutoka kwenye chumvi, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, pale alipoinama mpakiaji. Dizeli, mafuta ya kupaka, hata vumbi la mbao, vyote huweza kuwaka vikigusana na unga huo bila mtu kuwasha kiberiti. Kila kimoja kiwe na chumba chake. Kuvitenga kwa pembe za chumba kimoja hakutoshi.

Fundi wa mabwawa, Nyali
Naongeza la matumizi. Unga hutiwa ndani ya maji mengi. Maji hayamwagwi juu ya unga. Kichoteo kiwe cha plastiki, kikavu, kisichotumika kwa dawa nyingine, na mchotaji avae miwani na glavu. Bwawa la mita 50 za ujazo huhitaji takriban gramu 154 za unga wa asilimia 65 ili klorini ipande kwa miligramu 2 kwa lita. Unga wa zamani hupungua nguvu, basi pima maji badala ya kuamini lebo.

Mfanyakazi wa bandarini
Kizimamoto cha unga mkavu chenye chumvi za amonia msikitegemee hapo, kwa maana huitikia na klorini hiyo. Moto wake huzimwa kwa maji mengi mno, kutoka mbali. Maji kidogo huuchochea.

Msimamizi wa ghala
Ahsanteni. Watu wametoka na wazimamoto wamepigiwa simu. Je, nikihamishia ndoo zile ambazo hazijavimba kwenye kontena la chuma uani, itafaa?

Mkemia mstaafu
Hapana, kaka. Kontena lililo juani hushinda mabati kwa joto. Tafuta chumba cha mawe chenye kivuli na hewa, kisichofika nyuzi 30, na uziweke ndoo juu ya paleti za plastiki.