Ng'ombe kuchimbwa kwato bila ganzi: tuendelee kunyamaza?

Naanza na msimamo wangu. Anayechimba kidonda cha kwato bila kumpiga ng'ombe ganzi azuiwe kufanya kazi hiyo, na kanuni zitamke hivyo.

Sizungumzii kupunguza kwato iliyorefuka. Ile ni kama kukata kucha. Nazungumzia kisu kinapofika kwenye nyama hai, kwenye kidonda cha wayo. Mwezi uliopita nilisaidia kumshika ng'ombe wa jirani, wa zizi la ndani, aliyechechemea wiki tatu. Alifungwa kamba, akaangushwa, wanaume wanne juu yake. Alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ile hakugusa majani. Mtaalamu aliyemchimba, akiletewa mbwa jike wa kufunga kizazi, humlaza usingizi kwanza, na hakuna anayemwona anapoteza dawa. Kwa nini huyu anayetusomeshea watoto ndiye avumilie?

Na ganzi yenyewe si jambo la ajabu. Unakaza mpira juu ya kifundo, mshipa unatokeza, unaingiza lidokaini, baada ya dakika kumi hivi mguu wote wa chini umekufa ganzi. Ng'ombe anaweza kubaki amesimama. Zailazini ya kumtuliza ndiyo ya kuangaliwa sana: ng'ombe anatosheka na karibu sehemu moja ya kumi ya kipimo cha mbwa, na akizidishiwa hujaa gesi tumboni.

Baada ya kisu, maumivu hayaishi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walichapisha jaribio la ng'ombe wa maziwa walioanza tu kuchechemea. Waliokatwa kwato peke yake, robo hivi walikuwa wakitembea sawasawa baada ya siku 35. Waliokatwa, wakagundishiwa kibao chini ya upande wa kwato usioumwa ili ule mbovu upumzike, na wakachomwa ketoprofeni, dawa ya kupunguza maumivu, kwa siku tatu, walipita nusu. Kwa hiyo huruma si hoja yangu peke yake. Ng'ombe anayeumwa mguu hasimami kwenye hori, na asiyekula hana maziwa.

Nipingeni.

Afisa mifugo mstaafu: Mkuu, kwa ganzi sina ubishi, mimi mwenyewe nimeitumia. Ubishi wangu ni hiyo kanuni. Kata nzima ina afisa mmoja, pengine na pikipiki isiyo na mafuta. Ukisema bila ganzi ni kosa, wachimbaji wa mtaani wataacha, na ng'ombe atabaki na usaha mpaka auzwe kwa mchinjaji. Pili, hiyo ketoprofeni inaua tumbusi wanapokula mzoga wa ng'ombe aliyechomwa. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2023, baada ya kuwa imeondoa diklofenaki mwaka 2006 kwa sababu hiyohiyo. Na sisi tumbusi wetu tayari wanamalizwa na sumu wanayotegewa simba.

Mwanzisha mada: Mzee wangu, shikamoo. La tumbusi umenishika, nami nalikubali lote. Basi iwe meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, ambayo imepimwa kwa tumbusi na haikuwadhuru, ingawa jaribio la Nottingham halikuihusu. Kuhusu wachimbaji wa mtaani, kanuni ianze kwa kuwafundisha kukaza mpira na kupata mshipa, na wapewe lidokaini kupitia afisa wa kata kwa daftari. Adhabu ifuate baadaye, kwa aliyefundishwa akakataa. Muda wa mafunzo tunaweza kubishania, hata miaka miwili. Lakini kuwaacha wachimbe hivihivi kwa sababu afisa hana mafuta ya pikipiki, hapo bado sijakubali. Wafugaji mnaosoma, mliowahi kulipia ganzi: mlitozwa kiasi gani, na ng'ombe alirudi horini siku ya ngapi?