Dozi moja ya chanjo ya HPV ilipimwa kwa watoto wetu Mwanza. Walitendewa haki?

Nyakato Juu
Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuoneana aibu. Binti yangu mdogo shuleni kwao wametangaziwa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, sindano moja tu basi. Dada yake alichomwa mbili, kwa sababu chanjo ilipoanza nchi nzima 2018 utaratibu ulikuwa mbili. Nikamuuliza mhudumu kwa nini imepungua, akanijibu "utafiti ulifanyika hapa hapa kwetu". Nimetafuta, ni kweli. Unaitwa DoRIS, ulianza 2017, na wasichana wa Mwanza waligawanywa kwa kura: wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Swali langu ni hili. Wakati dunia nzima inatoa mbili, ilikuwa haki mtoto wa hapa apewe moja ili waone itakuwaje? Na majibu yalipopatikana, sisi wazazi tuliletewa nini mkononi?

Igoma Stendi
Nilisikia walikuwa wasichana elfu tisa. Na nusu yao walichomwa maji.

Mwalimu wa Magu
Walikuwa 930, si elfu tisa, na hakuna aliyechomwa maji. Wote walipata chanjo halisi, za aina mbili, ndiyo maana vikundi vilikuwa sita. Tuanze na ukweli kabla ya kuwasha moto.

Ndugu yangu wa Nyakato, kuhusu haki: wazo la dozi moja halikuzuka hewani. India walikuwa na utafiti mkubwa ulioanza 2009, ukasimamishwa 2010 kabla wasichana wengi hawajamaliza dozi zao. Wakabaki na moja. Watafiti wakawafuatilia wakaona wamekingwa. Costa Rica nako vilevile, kuna wanawake waliokosa dozi zilizofuata na kinga ikasimama. Kwa hiyo swali la Mwanza lilikuwa: msichana wa Afrika, wa umri huu ambao kweli ndio unaochanjwa, atatengeneza kinga ya kiwango hicho hicho? Bila kupima hapa, tungeletewa utaratibu uliopimwa kwa watu wengine, na bado tungelalamika.

Mtu wa Mwaloni
Mnazungusha maneno. Wazazi wengi wanaopeleka watoto kwenye hizi tafiti hawajui hata kinachopimwa. Wanafuata nauli. Ondoa ile hela uone kama atatokea mtu.

Mama Dagaa Kirumba
Mtu wa Mwaloni, umeandika "wanafuata nauli" na umejiita jina la mahali ninapofanyia kazi. Basi nisikilize.

Mimi naanika dagaa. Boti zinaingia alfajiri, ndoo zinapimwa, mzigo unagawanywa hapo hapo, na usipokuwepo wewe na beseni lako, ya leo umekosa. Jua likishapanda bila dagaa kutandazwa zinaharibika, na aliyekukopesha mtaji hataki kusikia habari ya kliniki. Mzazi anayeacha asubuhi yake kumpeleka mtoto akatolewe damu ameshatoa hela mfukoni kabla hajapewa hata senti. Nauli anayorudishiwa haifikii alichopoteza. Na karatasi ya ridhaa tunasomewa ukurasa kwa ukurasa, asiyejua kusoma anakaa na shahidi wake na anaweka dole gumba. Tunauliza maswali. Mwanamke anayejua kupiga hesabu ya magunia kichwani ashindwe kuelewa sindano moja na sindano mbili?

Omba radhi.

Mtu wa Mwaloni
Sijamtukana mtu. Nimesema hela inapokuwa kubwa kuliko kipato cha siku, hiyo ridhaa ina walakini. Mtu mwenye shida akionyeshwa noti atasaini chochote. Hilo si tusi, ni umaskini wetu.

Mama Dagaa Kirumba
Umaskini wetu unausemea wewe kwa niaba ya nani?

Binti Ukerewe
Naomba niingie kwenye hili la nauli maana sisi wa visiwani linatugusa zaidi. Kutoka Nansio kuja mjini ni meli, ukishuka ni bodaboda au daladala, ukichelewa meli ya kurudi unalala kwa ndugu na huendi mikono mitupu. Bila kurudishiwa gharama, tafiti zote zingekuwa za watu wa Nyamagana na Ilemela, halafu majibu yanasemwa ni ya "Kanda ya Ziwa". Kwa hiyo nauli ndiyo inayotuingiza sisi kwenye hesabu.

Kinachoniuma ni kingine. Miaka ya nyuma mdogo wangu alikuwa kwenye utafiti mmoja wa kichocho, sitautaja. Walikuja kijijini kwa adabu zote, wakachukua choo na mkojo, wakagawa dawa, wakaondoka. Mpaka leo hatujui waligundua nini. Mama bado ana ile kadi ya mshiriki yenye namba, ameihifadhi kwenye bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa, akiamini ipo siku wataulizia. Hilo ndilo linalofanya watu waseme wanatumika.

Igoma Stendi
Hapo sasa dada umegusa penyewe. Na damu je? Mbona hamsemi damu inakwenda wapi? Kila mtu hapa mjini anajua watu wanaouza damu.

Kijana wa Maabara
Hili la kuuza damu limewafanya wazazi wawafiche watoto wao, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Damu ya kumwongezea mgonjwa inakusanywa kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande, karibu mililita 450 kwa mtu mzima. Damu ya kupima kingamwili, yaani vile vitu vya damuni vinavyopambana na kirusi, ni kichupa, vijiko vichache vya chai. Tena kwa kipimo hiki tunaiacha igande makusudi. Kichupa kinakaa wima mpaka damu ishikane, kinaingia kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, na kikitoka unaona vitu viwili: chini bonge jekundu, juu maji ya njano iliyofifia. Yale maji ndiyo yenye kingamwili. Yanavutwa kidogo kidogo yakagawanywa kwenye vichupa vidogo kuliko kidole, vinabandikwa namba, jina la mtoto halipo, vinawekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Lile bonge jekundu linatupwa na kuteketezwa. Hakuna mgonjwa duniani anayeweza kuongezewa damu iliyoganda. Atakayekwambia inauzwa mwulize inauzwa kwa kazi gani.

Igoma Stendi
Hujajibu inakwenda WAPI.

Kijana wa Maabara
Ya DoRIS sehemu ilikwenda Marekani, na sababu inaeleweka. Huwezi kulinganisha msichana wa Mwanza na wa India kama kila mmoja kapimwa kwenye mashine yake, kwa kipimo chake. Sampuli zote zinapimwa maabara moja. Na kabla ya kutoka nchini kuna mkataba wa kusafirisha sampuli na kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Chanjo na dawa za majaribio zinahitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Igoma Stendi
Kwa hiyo zilikwenda Marekani. Asante. Hicho ndicho nilichotaka kisikike.

Mwalimu wa Magu
Igoma, umesikia neno moja kati ya mia.

Mnasahau mkoa huu umeshatoa majibu kwa dunia kabla ya hili. Miaka ya 1990 jamii 12 za Mwanza zilishiriki utafiti wa kutibu magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida, dawa zikiwepo na wahudumu wamefundishwa kutibu kwa dalili. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalishuka kwa karibu asilimia 40. Matokeo yalichapishwa 1995. Hata hii ya HPV, kabla ya 2018 kulikuwa na utafiti kwenye shule za msingi za mkoa huu kuangalia kipi ni bora, kuchanja kwa darasa au kwa umri.

Bukoba Mjini
Mwalimu, malizia hadithi. Rakai, ng'ambo yetu Uganda, walijaribu kutibu magonjwa ya zinaa wakakuta haipunguzi kitu kwenye UKIMWI. Kwa hiyo ya Mwanza ilipingwa.

Mwalimu wa Magu
Rakai waligawa dawa kwa jamii nzima kwa vipindi, Mwanza walitibu wenye dalili kila siku wanapokuja zahanati. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na hali ya maambukizi ya Rakai ilikuwa imeshafika hatua nyingine. Usiseme "ilipingwa" kama vile ni mechi.

Bukoba Mjini
Nimesema nilichosoma. Watu wa Mwanza mkiguswa tu.

Nyakato Juu
Jamani. Niliuliza kuhusu dozi moja.

Nesi Sengerema
Mwanangu wa Nyakato, nitakujibu mimi maana wengine wanapigana.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mama wa saratani ya mlango wa kizazi akija kwetu mara nyingi ameshachelewa. Ametokwa damu miezi, amejifunga vitambaa, ameanza kutoa harufu anayoijua mwenyewe kwa hiyo hakai tena karibu na watu kanisani. Mume ameshamhamishia chumba cha nje. Anakuja na binti mkubwa aliyeacha shule amuuguze. Zamani nilikuwa namwandikia rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na nilikuwa najua wazi kwamba familia ile haitapata nauli ya basi. Sasa hospitali ya Bugando hapa Mwanza wana tiba ya mionzi, nashukuru, lakini bado wanafika wakati ugonjwa umekwenda mbali. Makadirio ya 2020 kwa Tanzania yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Karibu asilimia 70 ya saratani hizi inaletwa na aina mbili tu za kirusi, 16 na 18, na chanjo inazikinga zote mbili.

Kuhusu dozi. Ni kweli msichana aliyepata moja ana kingamwili kidogo kuliko aliyepata mbili au tatu, usidanganywe kwamba ni sawa. Lakini DoRIS walikuta baada ya miaka miwili zaidi ya asilimia 98 ya waliopata moja bado wana kingamwili dhidi ya aina ya 16, na kiwango kimetulia. Kenya, Kisumu wakiwemo, walikwenda mbele zaidi. Walichukua wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, wakaangalia maambukizi yenyewe, na dozi moja ikazuia zaidi ya asilimia 95 ya aina hizo mbili. Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja 2022, sisi tukahamia 2024. Faida yake mimi naiona kwenye orodha za shule. Dozi ya pili ilikuwa inatupotea. Mtoto kahama, kamaliza darasa la saba, siku ile hakuja. Ukiwa na chanjo ya kuwachoma watoto mara mbili, sasa unachoma idadi maradufu mara moja.

Mwenye mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI amwone mhudumu wake wa CTC, ile kliniki anakochukulia dawa. Huyo hahesabiwi kwenye dozi moja, anahitaji mbili, na tatu ikiwezekana.

Nyakato Juu
Asante sana mama. Hili la CTC hakuna aliyenitajia.

Mtu wa Mwaloni
Nesi, shikamoo. Maelezo mazuri. Ila hata wewe umekubali: watu wetu hawana hata nauli ya basi. Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Nesi Sengerema
Marahaba. Sikusema hivyo. Nilisema wanakufa kwa kukosa nauli. Wewe umesema wanauza watoto kwa nauli. Usiyaunganishe maneno yangu na yako.

Igoma Stendi
Sijaona neno "kuuza watoto" popote kwa Mtu wa Mwaloni. Mnamwekea maneno mdomoni.

Binti Ukerewe
Mimi nataka jambo moja liandikwe kwenye vibali: kabla utafiti haujafungwa, watafiti warudi pale walipochukulia watu, wasimame kwenye mkutano wa kijiji au wa kata, waseme kwa Kiswahili tulipata hiki. Wakikuta si chochote, nalo waseme. Mama yangu akipata hilo ataitoa ile kadi kwenye bahasha.

Kijana wa Maabara
Wapo wanaofanya, wana bodi za ushauri za jamii, wanaita wazazi. Lakini nakuunga mkono iwe lazima, maana leo inategemea moyo wa mtafiti na kama bajeti imebaki.

Bukoba Mjini
Nani atasimamia, diwani? Huyo huyo asiyeitisha mkutano wa mapato na matumizi?

Mwalimu wa Magu
Shule zipo. Matokeo ya DoRIS yangesomwa kwenye vikao vya wazazi, ukurasa mmoja tu. Wasichana wale 930 sasa wengi ni watu wazima, wengine huenda ni mama. Wana haki ya kujua kwamba mtoto anayechanjwa Kigoma au Lindi leo anachomwa mara moja kwa sababu yao wao.

Mtu wa Mwaloni
Na walipewa nini? Narudi pale pale.

Mama Dagaa Kirumba
Na mimi narudi pale pale. Niko upande wa vichanja vya dagaa, waulize wabeba mizigo watakuonyesha. Njoo kabla boti hazijapakua, useme mbele ya wanawake wenzangu hilo neno la kufuata nauli, na wao wakujibu.